Kulipia gari lisimame: Orlando, kreta na bustani zetu za Arusha

Walt Disney World, bustani kubwa ya michezo karibu na Orlando, ilipofunguliwa Florida mwezi Oktoba 1971, kuegesha gari siku nzima kulikuwa senti 50. Kufikia Oktoba 2023 ilikuwa dola 30, na aliyetaka kupaki karibu na lango alilipa dola 45 au zaidi, kutegemea siku yenyewe. Ukichukua dola moja kwa shilingi 2,500 hivi, hizo 30 ni shilingi 75,000 za kuliacha gari limesimama juani kabla mtoto hajapanda hata bembea moja. Mwenye haraka ya kusema vitu vimepanda bei kila mahali afanye hesabu kwanza: senti 50 za mwaka 1971 zina thamani ya karibu dola 4 za sasa. Dola 26 zilizobaki hazikuletwa na mfumuko wa bei. Kuna mtu alikaa mezani akaziamua.

Sisi wa Arusha yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu mji huu unakula kwa bei za namna hiyo. Siku za kazi tuko upande wa muuzaji: kampuni za utalii, madereva, wapishi wa kambi, wenye hoteli, wote riziki yao imekaa juu ya viingilio ambavyo mgeni akishafika hana la kufanya ila kulipa. Jumapili na sikukuu tunahamia upande wa pili. Tunawapakia watoto kwenda kwenye bustani za Njiro, Tengeru au Usa River, na getini tunamkuta kijana wa koti la kung'aa ameshika kamba. Hatuwezi basi kuuhukumu mchezo huu kwa kelele za mnunuzi peke yake.

Hoja za anayetoza zina uzito kuliko watu wanavyopenda kukubali. Gari hula ardhi. Gari moja dogo, ukihesabu na njia ya kupita, linataka kama mita za mraba 25. Magari mia yanameza zaidi ya nusu eka, na nusu eka ya Njiro si mchezo. Juu ya hapo weka kifusi kila baada ya masika, taa, na walinzi wa kuhakikisha vioo vya pembeni having'olewi wakati wenyewe mko kwenye nyama choma. Nani alipe? Asipolipa mwenye gari, gharama inaingia kwenye kiingilio, na atailipa hata mama aliyeshuka kwenye kifodi (daladala) na watoto watatu, akatembea kutoka barabara kuu kwa miguu yake.

Wamarekani wenyewe wana mfano mzuri wa upande huu. Kule Indiana kuna bustani ya michezo iitwayo Holiday World, maegesho bure, na tangu mwaka 2000 soda pia bure, unakunywa mpaka uchoke. Watu wanaisifu, na wana haki. Lakini soda ile na lami ile zimo ndani ya tiketi. Asiyekunywa soda na asiye na gari wanachangia wanaokunywa na walio nalo. Bei moja iliyofungwa pamoja inapendeza machoni, ila si lazima iwe ndiyo yenye haki zaidi.

Hata kutoza kwa gari badala ya kichwa kuna faida kwetu. Sisi hatuendi matembezini watu wawili ndani ya gari. Tunajazana kwenye Noah, kwaya inakodi kosta, kikundi cha VICOBA kinachanga mafuta. Elfu mbili ya maegesho ukiigawa kwa watu tisa haifiki hata shilingi 250 kila mtu. Anayeumia ni anayekuja peke yake na V8, na huyo sidhani kama anahitaji mtetezi.

Halafu kuna suala la ukaribu wenyewe, kivuli kile cha mwembe pembeni ya lango, kinachotosha magari kumi tu. Lazima kigawanywe kwa njia fulani. Aliyewahi akipate? Apewe anayejuana na mlinzi? Au alipie anayekitaka? Njia ya kujuana tunaijua vizuri mno hapa mjini. Kila ukumbi una "paki ya bosi" ambayo bosi mwenyewe hajawahi kuonekana. Fedha angalau haiulizi wewe ni wa ukoo gani.

Mpaka hapa niko na muuzaji. Ninapoachana naye ni pale maegesho ya kawaida yanapoanza kuharibika ili yale ya karibu yapate soko.

Kwenye viwanja vya Disney kuna vigari vya kuunganisha, vinavyozoa watu kutoka mbali walikopaki na kuwafikisha langoni. Vilisimamishwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona. Bustani zilifunguliwa tena Julai mwaka huohuo, lakini vigari vilianza kurudi Desemba 2021, pale Magic Kingdom, mojawapo ya bustani hizo, na kwingine vikafuata baadaye zaidi. Katika muda wote huo ada ya kawaida ilibaki dola 25 ileile, na wenye watoto wadogo walitembea juani wakiwasukuma. Sisemi kampuni iliviondoa vigari ili iuze maegesho ya karibu. Korona haikuwa hadithi. Lakini huduma ya chini ilipopungua, ile ya juu ikawa na maana zaidi bila kuongezewa chochote. Anayeuza vyote viwili hana sababu kubwa ya kukimbilia kurudisha cha bure. Na cha kuchekesha ni kwamba pale Magic Kingdom hata aliyelipia ukaribu hajafika bado: kutoka maegesho inabidi apande treni ya reli moja au kivuko avuke ziwa ndipo alione lango. Amenunua mita mia kadhaa za safari ambayo bado haijaisha.

Foleni za michezo zilipitia njia hiyohiyo, na hapo ndipo mwelekeo wenyewe unapoonekana. Mwaka 1999 Disney ilianzisha FastPass, karatasi ya kukuwekea nafasi ili urudi saa fulani bila kupanga foleni ndefu. Ilikuwa bure kwa kila mwenye tiketi. Mwaka 2021 ikafutwa, na badala yake ukaja mpango wa kulipia. Foleni ni ileile, na watu ni walewale. Kilichobadilika ni kwamba dakika za kusubiri zimekuwa bidhaa, na aliyebaki kwenye foleni ya bure huwaona waliolipa wakimpita. Ukishaona hilo, maegesho ya dola 45 hayashangazi tena. Ni tabia ileile, imetangulia tu kukupokea nje.

Mtetezi wa kampuni atasema fedha ya wachache wanaotaka ukaribu inasaidia kushusha bei ya wengi. Ingekuwa hoja nzuri kama ingetokea. Oktoba 2023, wakati maegesho ya karibu yameshauzwa kwa miaka, ada ya kawaida ilipanda kutoka dola 25 hadi 30. Na si kwamba biashara ilikuwa taabani: katika mwaka wa fedha wa 2024, kitengo chenye bustani na meli za Disney kilileta zaidi ya nusu ya faida ya uendeshaji ya kampuni nzima. Aliyekuwa mkuu wa kampuni, Bob Iger, alikiri hadharani mwaka 2023 kwamba kwenye bei huenda walizidisha. Miezi michache kabla ya kauli hiyo walikuwa wameshafuta ada ya kulaza gari kwenye hoteli zao, iliyoanza 2018. Kwa hiyo bei hushuka pia, kelele zikitosha. Ila angalia walichoshusha na walichokiacha.

Sasa turudi kwetu, tuanze na kreta. Gari la watalii likitaka kushuka Ngorongoro linalipiwa dola 250 kila linaposhuka, na ukiweka VAT ya asilimia 18 inakuwa dola 295. Hiyo ni mbali na kiingilio cha kila mgeni. Ukipima kwa fedha tu, dola 30 za Orlando ni mzaha. Lakini mimi naiona ada ya kreta kuwa ya haki kuliko ile, kwa sababu mbili.

Ya kwanza, kinachouzwa kweli ni haba. Sakafu ya kreta ni kilomita za mraba kama 260, barabara zake chache, na kila landikruza la ziada ni vumbi kwa faru na kero kwa mgeni aliyetangulia. Kutoza kwa gari kunawasukuma watu wajazane: wageni saba ndani ya gari moja wanachangia kama dola 42 kila mtu, wakati wawili waliokuja peke yao wanabeba karibu 148 kila mmoja. Ya pili, na kwangu ndiyo kubwa, ada ile inajulikana mapema. Imo kwenye orodha ya bei ya serikali, kampuni inaipiga hesabu ndani ya gharama ya safari, na mgeni anaiona akiwa bado kwao anaamua aje au asije.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba imepunguza msongamano kiasi cha kujisifu. Dereva yeyote atakuambia jinsi Ngoitokitok, mahali pa kula mchana mle kretani, inavyojaa mchana wa Agosti, magari yamepangana kando ya bwawa la viboko, watu na maboksi yao ya chakula. Aliyeruka kutoka Ulaya na kulipia siku saba hageuki nyuma kwa dola 295. Na hapa ndipo hoja ya "tunapandisha bei ili kupunguza watu", inayosemwa Orlando na inayosemwa Karatu, inapoishiwa nguvu. Bei humzuia mtu akiwa bado nyumbani. Akishafika langoni haimzuii tena, inamvuna.

Kwa kipimo hicho, bustani zetu za sikukuu ndizo zinazofanya vibaya kuliko wote. Jumatatu ya Pasaka, kando ya barabara ya Moshi, nilikuwa nyuma ya Noah iliyojaa watoto waliovaa viatu vipya. Kijana wa kamba akainama dirishani.

"Shikamoo mama. Hapa chini ya miti ni VIP, elfu tano. Kule nyuma elfu mbili."

"Marahaba mwanangu. Kule nyuma pakoje?"

"Pana tope kidogo."

Tope halikuwa kidogo. Ilikuwa masika, na kule nyuma palikuwa shamba lililolimwa na matairi tangu asubuhi. Mama akamwangalia bibi aliyekaa mbele na mkongojo wake katikati ya magoti, akatoa elfu tano. Hakuna aliyemlazimisha. Lakini angeweza kufanya nini? Watoto wameshaona bembea, gari zima limeshachanga mafuta, na nyuma yake magari yanapiga honi. Ndani kulikuwa na kiingilio, kuogelea kwake, jumba la kuruka kwake, na begi la chapati likaachwa getini kwa sababu chakula cha nje hakiruhusiwi. Kwa hilo la chapati lazima niwape Disney haki yao: pamoja na ubahili wote wa maegesho, wanakuruhusu kuingia na chakula chako na maji yako, mradi si pombe wala chupa za kioo.

Mwenye bustani naye ana upande wake, na nimewahi kuusikia kwa zaidi ya mmoja. Anapata siku chache nzuri kwa mwaka: Krismasi, Mwaka Mpya, Pasaka, Iddi mbili, Nane Nane labda. Siku nyingine bwawa linakula dawa, wafanyakazi wanakula mshahara, wateja ni meza tatu. Asipovuna sikukuu atafunga. Nakubali. Ila elfu tatu kama ile aliyoiongeza kwa yule mama, zikikusanywa kwa magari ya siku nzima, zingeweza kuwa kifusi kule nyuma, na hapo VIP ingebaki kuwa kivuli tu. Anayetaka kivuli alipie kivuli. Kumlipisha mtu ili aepuke tope ambalo ni wajibu wako kuliondoa ni biashara nyingine kabisa.

Wapo watakaouliza kwa nini serikali isiweke bei elekezi. Sioni mantiki yake kwenye bembea na mabwawa. Mji una bustani nyingi, za bei zote, na anayechukia moja anaenda nyingine, mradi ajue kabla ya kukata kona. Bango moja kwenye njia panda lenye kiingilio, maegesho ya aina zote mbili na bei ya kuogelea lingemaliza sehemu kubwa ya ugomvi huu. Siku hizi wana kurasa za Instagram zilizojaa picha za samaki wa kupaka. Mstari mmoja wa bei ya kupaki hautawaumiza.

Palipo na mahali pamoja tu pa kwenda ndipo ninapotaka mkono wa umma, na mfano wa karibu ni uwanja mpya wa mpira wa Olmoti hapa Arusha, wa watazamaji 30,000, kwa ajili ya AFCON 2027. Siku ya mechi hakuna kusema nitaenda kwingine. Wenye nyumba za jirani watafungua mageti yao wauze nafasi za uani, na waache wauze. Ni riziki yao na ardhi ni yao. Ila maegesho ya uwanja wenyewe yakigawanywa kuwa ya VIP na ya tope, na vifodi vikazuiwa mbali ili magari ya karibu yapite, tutakuwa tumenunua mfumo wa Orlando bila hata ule usafiri wao wa kutoka mbali. Mabasi ya kutoka Kilombero ya hapa mjini na Kisongo yapangwe kwanza, nauli yake itangazwe pamoja na tiketi. Baada ya hapo, atakayetaka kupaki mlangoni mtozeni mnavyotaka.