Kijiko cha Kifafa: Mwanafunzi Ajue Tiba Kiasi Gani?

Sokoni Mwanjelwa kijana mbeba mizigo alianguka ghafla, mwili ukatetemeka wote, povu likamtoka. Watu wakarudi nyuma. Mmoja akaonya asiguswe, eti povu linaambukiza. Muuza ndizi akaagiza kijiko cha kumtia kati ya meno. Aliyepiga magoti ni binti wa kidato cha tano, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), ambaye namfundisha Baiolojia. Alisogeza kreti za nyanya, akamwekea kanga chini ya kichwa, akatazama saa. "Samahani mama, kijiko kitamvunja meno." Degedege lilipokoma, kabla ya dakika tatu, akamlaza ubavu ili mate yatoke nje. Lingepita dakika tano, angetakiwa kukimbizwa hospitali.

Nilipomsimulia mwalimu mwenzangu hakufurahi kama mimi. "Leo amekataa kijiko," alisema, "kesho atawaandikia watu dawa."

Hoja yake nimeizungusha kichwani muda mrefu, maana si ya kupuuzwa. Jiji letu la Mbeya liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na mbu wa malaria hawalipendi sana baridi hili, lakini mtoto akichemka mwili tu, jirani anataja malaria. Anayetoka Kyela, kule chini kando ya Ziwa Nyasa, huenda kweli anayo; wa Uyole huenda ana nimonia. Kipimo ndicho kinachoamua. Sasa mpe kijana wa miaka 17 orodha ya dalili bila kipimo, uone. Mwanafunzi wangu mwingine alimpa mdogo wake kapsuli za rangi mbili zilizobaki kabatini, mbili asubuhi na mbili jioni, kwa mafua. Mafua husababishwa na virusi, na kapsuli zile hazigusi virusi. Alijua jina la dawa, na kwake hilo lilitosha.

Lakini tusimtazame huyo tukamsahau binti wa sokoni. Darasani tegu wa nguruwe, yule mnyoo bapa, ni mchoro tu: chora, taja sehemu zake, chukua alama. Huku kwetu, hasa vijiji vya Mbozi na Mbeya vinavyofuga nguruwe, tegu huyo ni mojawapo ya sababu za kifafa. Wengi wanadhani ukila kitimoto isiyoiva, mdudu anapanda kichwani. Sivyo. Nyama hiyo hukupa tegu mkubwa wa tumboni. Hatari ya ubongo inatokana na kumeza mayai yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, kupitia mikono au mboga zisizooshwa. Hata asiyekula nguruwe anaweza kuyapata. Kijana akilielewa hilo ataacha kuogopa povu, na nyumbani kwao atasisitiza choo na sabuni. Hapo hajatibu mtu.

Wapo wanaosema muda wa kujifunza haya ni bora mwanafunzi aumalizie kwenye Kemia, kwa kuwa chuo kitatazama alama na hakitauliza kama anajua kuhesabu mapigo ya moyo. Ni kweli. Ila mapigo ya mtu mzima aliyetulia, 60 hadi 100 kwa dakika, unajifunza kuyahesabu mchana mmoja.

Linalonitia wasiwasi zaidi ya dawa ni mdomo. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulionyesha maambukizi ya VVU Njombe ni asilimia 12.7 ya watu wazima, wakati kitaifa ni 4.4. Mwanafunzi anayejitolea hospitali ya wilaya mikoa hii atamwona mwalimu wake, au shangazi yake, kwenye foleni ya CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU. Akirudi bwenini na habari hiyo, ameumiza mtu kuliko zile kapsuli. Somo la siri lingetangulia hata bandeji, na sijaona klabu ya afya shuleni inayolianza hivyo.

Jirani zetu wa Ruvuma walianza maduka ya dawa muhimu mwaka 2003. Wauzaji wake si wafamasia. Walipewa mafunzo mafupi na orodha ya dawa wanazoruhusiwa kuuza. Maarifa yao ni machache, ila yana mpaka unaojulikana. Ndivyo ningependa kwa wanafunzi: kuzuia damu, kupoza mahali palipoungua kwa maji yanayotiririka dakika 20 badala ya dawa ya meno, kumlaza mtu ubavu, kuhesabu pumzi, kunyamaza. Majina ya dawa yasubiri chuo. Mwenzangu anaona hata hapo nimelegeza kamba. Mimi naona anawaogopa watoto kuliko wanavyostahili.

Binti nilimuuliza wiki iliyofuata kama sasa ana uhakika na udaktari. Akasema mikono ilimtetemeka mpaka jioni na chakula hakikupita. Sasa anaulizia kozi ya maabara.