Hadithi Fupi Si Mazoezi ya Riwaya

Kidato cha tatu na cha nne tulichambua riwaya, tamthiliya na ushairi. Fani na maudhui, fani na maudhui, hadi usiku wa kuamkia mtihani. Hadithi fupi haikuwemo. Tuliiacha shule ya msingi pamoja na sungura na fisi, na mwalimu wetu mmoja alipenda kusema kuwa mwandishi huanzia kwenye hadithi fupi kama fundi mwanagenzi anavyoanzia kwenye stuli kabla hajaaminiwa kabati. Nilikaa na imani hiyo miaka mingi. Walionitoa huko ni Wakanada.

Wa kwanza ni Alice Munro. Alizaliwa 1931 Wingham, mji mdogo wa Ontario, baba yake akifuga mbweha kwa ajili ya manyoya. Alipokuwa na watoto wadogo aliandika wakiwa wamelala, na hadithi fupi ndiyo iliyoenea katika saa hizo chache. Mwenyewe alieleza kuwa kwa muda mrefu alidhani anajifua tu, siku moja atapata nafasi aandike riwaya. Mwaka 2013 alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi kwa hadithi fupi hizo hizo, akitajwa kuwa bingwa wake katika zama hizi.

Msome uone anavyouchezea wakati. Mwanamke yuko jikoni, ndoa changa. Aya inayofuata ni mjane mwenye mvi, na katikati pamerukwa miaka 30 bila kuomba radhi. Ukifika mwisho unarudi mwanzo, maana kuna neno moja ulilipita na kumbe ndilo lililobeba kila kitu. Bibi zetu husimulia hivyo hivyo. Anaanza na msiba wa juzi, anarudi kwenye harusi ya zamani, na wewe uliyekaa naye mkekani ndiye unayeunganisha.

Siwezi kumsifu nikanyamaza hapo. Munro alifariki Mei 2024, na Julai binti yake mdogo akaandika gazetini kwamba mume wa pili wa mama yake alimdhulumu kingono alipokuwa mtoto. Mama alipoambiwa, hatimaye aliendelea kuishi na mume huyo, hata baada ya mahakama kumtia hatiani mwaka 2005. Niliposoma niliumia. Hadithi zake bado nazisoma, ila zile za wanawake wanaojua jambo na kukaa kimya zinanisomeka tofauti sasa, na sidhani ni haki kumpa mtu vitabu vyake nikamficha hilo.

Kipaji peke yake hakikutosha kuistawisha hadithi fupi kule. Palikuwa na mnunuzi. Robert Weaver, mtayarishaji wa redio ya taifa, CBC, alianzisha kipindi cha Anthology mwaka 1954, akawa anazilipia hadithi na kuzisomesha hewani. Munro alikuwa mmoja wa vijana aliowashika mkono mapema. Hapo ndipo ninapotaka wenye redio zetu wapasikie. Saa nzima ya ubishi wa Simba na Yanga tunayo, tena kila siku. Dakika 20 za hadithi mpya ya Kiswahili, mwandishi akilipwa chake, zinashindikanaje? Wakenya angalau wametupita kwa kuitahini hadithi fupi sekondari.

Halafu kuna M.G. Vassanji, ambaye kwa watu wa Dar es Salaam ni habari ya nyumbani. Amezaliwa Nairobi 1950, akakulia Dar, akaenda Marekani kusomea fizikia, na tangu 1978 yuko Kanada. Tuzo ya Giller, mojawapo ya kubwa kabisa za fasihi ya Kanada, ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 1994 ilikwenda kwake. Lakini mimi nampendea kitabu chake cha hadithi fupi cha 1991, Uhuru Street. Ndiyo, Barabara ya Uhuru hii hii, ya Mnazi Mmoja na Kariakoo, duka chini na familia juu. Kimewekwa kwenye rafu ya fasihi ya Kanada na kimejaa vumbi letu.

Mle mna hadithi ya mama mjane mwenye duka. Mwanawe Aloo amepata barua ya chuo cha Marekani. Wanamwendea mtu mzima mwenye kuijua dunia kuomba ushauri, naye anamwambia mama kuwa akimruhusu aende, basi amempoteza. Mama anamruhusu kwa masharti: asioe mzungu, asivute sigara, asinywe pombe.

Riwaya ya Kiingereza ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobel ya fasihi, ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis, tukapata Peponi mwaka 2022, na watu wakakiona Kiswahili chao kimekaa mahali pake. Nataka hadithi hizi za Barabara ya Uhuru nazo zikae hivyo, sokoni na madarasani.

Mwaka jana nilimsomea shangazi hiyo ya Aloo, nikiigeuza kwa Kiswahili papo hapo, naye anachambua mchele. Nilipofika kwenye masharti, mkono ukasimama juu ya ungo. "Hata mimi nilimwambia hivyo hivyo," akasema, na akaanza kunisimulia habari za binamu yangu aliyekwenda Muscat, habari ambazo katika maisha yangu yote hakuwahi kunigusia.