Joka la Karatasi na Jicho Lisilokubali Kufundishwa

Kuna joka dogo la karatasi ambalo huenda umelikuta kwenye video. Limesimama mezani, kamera inasogea kushoto, nalo linageuza kichwa kufuata; kamera ikirudi kulia, kichwa kinarudi nayo. Chini yake hapakosi mtu wa kuandika kwamba hiyo ni kazi ya kompyuta. Kwa maoni yangu video zimeliharibia joka hili jina, maana anayelitazama kwenye simu tayari ana mtu wa kumshuku. Aliyelikata na kulikunja mwenyewe atamshuku nani?

Ubunifu wenyewe unatokana na Jerry Andrus, mwanamazingaombwe wa Marekani, na joka lilienea kupitia mikutano ya Gathering for Gardner kule Atlanta, ya kumuenzi Martin Gardner, aliyeandika safu ya michezo ya hesabu katika jarida la Scientific American kwa takriban miaka 25. Siri yake haifichwi: kichwa kimekunjwa kuelekea ndani. Pale ambapo pua ingetokeza, pamebonyea. Ubongo, uliokwisha kuona nyuso zilizotokeza tangu utotoni, unakataa katakata habari ya uso uliobonyea, unaugeuza nje, na kwa hesabu hiyo potofu kila hatua yako inaonekana kama joka limegeuza shingo.

Kinachonivutia zaidi ni ugomvi wa macho mawili. Ukilisogelea, macho yote mawili yanapima kina na kukuambia ukweli. Rudi nyuma hatua kadhaa, fumba moja, ukweli umekwisha. Kamera ina jicho moja tu, kwa hiyo kwenye video joka hushinda kila mara na ugomvi wote huo hauuoni. Umeletewa matokeo bila mechi.

Joka likikushinda kulikata, anza na kitu rahisi. Chukua karatasi ya manila, chora miraba mitatu iliyopangana kwa umbo la herufi L, kata, kunja ile miwili ya pembeni isimame, kisha bandika kingo zinapokutana. Umepata kona, kama kona ya chumba. Iweke ikitazamana nawe kwa upande wa ndani, mahali pasipo na kivuli kikali, fumba jicho moja na usiwe na haraka. Ghafla inakuwa mchemraba uliotokeza. Sasa yumbisha kichwa taratibu: unazunguka nawe! Kona umeikunja kwa vidole vyako, gundi haijakauka, na bado jicho halikubali kufundishwa. Wala si la kuonea aibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba watu wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili, hawadanganyiki kirahisi na uso uliobonyea kama watu wengine.

Vitu vya namna hii ni vya zamani. Mwaka 1825 daktari wa London, John Ayrton Paris, alikuwa akiuza thaumatropu: kiduara cha karatasi ngumu chenye ndege upande mmoja na tundu la kufugia ndege upande wa pili, ukikizungusha kwa nyuzi ndege anaingia tunduni. (Picha ya nyuma ichorwe miguu juu, la sivyo ndege atasimama kichwa chini.) Mwaka 1832 mwanafizikia Joseph Plateau kule Brussels akaja na sahani yenye matundu membamba pembeni, unayoizungusha mbele ya kioo na kuchungulia michoro ikicheza. Plateau huyu baadaye alipofuka kabisa, akaendelea kuchunguza utando wa sabuni kwa macho ya wasaidizi wake.

Nikirudi darasani, somo la jicho huwa ni mchoro ubaoni: mboni, lenzi, retina, wanafunzi wananakili, wanakariri. Ningependa mwalimu aanze na manila na mkasi, tena anyamaze. Maelezo yakitangulia, mtoto atasema ameona alichoambiwa ataona. Wakishaanza kubishana nani kaona kona na nani kaona mchemraba, hapo ndipo chaki ishikwe. Na michoro ya kuchapa, iliyo tayari na mistari ya kukata? Sina ugomvi nayo kwa joka. Kwa kona ya mchemraba, rula na penseli zinatosha.