Maharage, uniti 75 na jiko linalosingiziwa

"Hilo jiko linakula umeme." Litaje tu jiko la presha la umeme, lile lenye vitufe vya wali, maharage, supu, kukaanga na kutunza joto, na hilo ndilo jibu la kwanza utakalopewa, uwe Mbagala au Mwanza. Wanaosema hivyo wengi hawasemi kwa kusikia. Wamelinunua, wamelipikia, wameona uniti zinavyokimbia, kisha wamelirudisha kwenye boksi lake na kulipandisha juu ya kabati. Upande wa pili iko serikali, ambayo kwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwisho wa muda huo. Huku kuna kampeni, huku kuna boksi juu ya kabati, na katikati jiko linabebeshwa lawama ambayo sehemu kubwa si yake.

Tuanze na jiko lenyewe. Ubavuni limeandikwa wati 1000, na mtu akiiona namba hiyo anashtuka, kwa sababu balbu yake ni wati tisa. Wati 1000 zikichotwa saa nzima bila kukatika ni uniti moja. Ila jiko hili halichoti saa nzima. Linachota kwa nguvu mwanzoni, dakika 15 au 20 hivi, mpaka maji yachemke na presha ipande. Baada ya hapo mfuniko umebana, mvuke hauna pa kutokea, maji ndani yamepita nyuzi 110, na sufuria imezungukwa na ganda linalozuia joto lisipotee. Kuanzia hapo umeme unaingia kwa vipindi vifupi tu vya kulinda joto. Sufuria ya maharage yaliyolowekwa usiku, ikae jikoni dakika 45, inaishia karibu na nusu uniti. Wali ni chini ya hapo. Tangu Toshiba walipoanza kuuza jiko la wali linalojizima huko Japani mwaka 1955, kanuni haijabadilika sana: maji yakiisha, joto la chini ya sufuria linapanda, swichi inakata. Nafikiri watu wengi wanalichanganya na yale majiko ya koili, ambayo kweli yanakula, kwa sababu yako wazi na sehemu ya joto inapasha hewa ya jikoni.

Sasa piga hesabu ya mwezi. Wali kila siku, uniti 0.35 kwa mpiko, ni kama uniti 10 na nusu. Maharage, makande au supu ya mifupa mara tatu kwa wiki, nusu uniti kila mara, ni uniti sita na kitu. Jumla uniti 17 kwa mwezi. Kwa mteja wa tarifu D1, ile ya watumiaji wadogo wa umeme, ambaye uniti yake ni shilingi 100 na ikiongezwa VAT ya asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa bei za nishati) asilimia 1 inakuwa 122, hiyo ni shilingi 2,074. Kwa mteja wa T1, tarifu ya matumizi ya kawaida, ambaye uniti yake ni 292 na baada ya makato 356, ni 6,052. Chukua hesabu yako ya mkaa wa mwezi uiweke pembeni. Sijaona nyumba ya watu watano inayopika maharage na wali kwa mkaa wa shilingi 6,000 mwezi mzima.

Kama ni hivyo, yule mama aliyeona uniti zikikimbia alikosea? Hakukosea. Alisoma risiti yake sawasawa. Tatizo liko mahali ambapo kampeni za nishati safi hazipagusi.

Tarifu D1 ni ya mteja anayetumia uniti 75 au pungufu kwa mwezi. Akivuka, kila uniti ya ziada ni shilingi 350, yaani 427 pamoja na makato. Akiendelea kuvuka mwezi baada ya mwezi, anahamishiwa T1, na huko hakuna uniti ya 122 hata moja. Sasa mchukue mtu mwenye friji ndogo, televisheni, feni na taa, ambaye kwa kujibana anatumia uniti 63. Analipa 7,686. Ananunua jiko, anaongeza zile uniti 17, anafika 80. Mwezi wa kwanza analipa 9,150 kwa uniti 75 za mwanzo na 2,135 kwa tano za juu, jumla 11,285. Anaguna, anavumilia. Akishahamishwa, uniti zilezile 80 zinakuwa 28,480.

Zitazame tena namba hizo, maana kwangu ndizo kiini cha mjadala wote. Kutoka 7,686 hadi 28,480. Nyongeza ni 20,794, na kilichoongezeka ndani ya nyumba ni uniti 17 za kupikia. Ukigawanya, kila uniti iliyopika maharage imemgharimu shilingi 1,223. Hakuna tarifu ya bei hiyo kwenye karatasi yoyote, lakini ndiyo bei anayoihisi mkononi. Mwache aseme jiko linakula umeme, kwa sababu kwake limekula kweli. Friji haikubadilika, feni haikubadilika, kilichobadilika ni jiko, na bili imekaribia kuzidi mara nne. Nani hatalilaumu jiko?

Inayoumiza ni kwamba adhabu hii inampata yule hasa ambaye mkakati unamtafuta. Mwenye nyumba kubwa yenye viyoyozi yuko T1 tangu zamani; jiko kwake ni 6,052 kwa mwezi, hata halioni. Asiye na friji, anayetumia uniti 30, ataongeza 17 na bado atakuwa salama kwenye D1. Huyo ndiye angefaidi kuliko wote, ila mara nyingi hana fedha ya kulinunua kwa mkupuo. Anayebanwa ni wa katikati, aliyejinunulia friji kwa shida na sasa anaambiwa aache mkaa. Ongeza na kodi ya jengo, inayokatwa kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla, ambayo ukinunua umeme mara ya kwanza kwa mwezi inapunguza uniti kabla hujapika chochote. Nayo lawama yake inaishia kwa jiko.

Uganda wamelitazama suala hili kwa namna nyingine. Kule mteja wa nyumbani ana bei ya kupikia: uniti za kuanzia ya 81 hadi ya 150 kwa mwezi zinauzwa kwa bei ndogo kuliko zile za kati ya 16 na 80. Yaani ukivuka kiwango cha taa na televisheni, bei inashuka ili usiogope kuweka sufuria. Siyo mpango usio na kasoro, kwa sababu anayetumia kidogo sana hafiki kwenye unafuu huo. Lakini umejengwa kwa kutambua kwamba nyumba inayopikia umeme itatumia zaidi, na kwamba matumizi hayo ndiyo yaliyotakiwa. Kwetu ukomo wa 75 ulipangwa kumlinda mnyonge wa taa na redio, na kwa hilo umefanya kazi nzuri. Haukupangwa kwa ajili ya mnyonge anayeambiwa apike.

Wapo pia wapangaji, na hili sioni likizungumzwa kabisa. Nyumba ina vyumba sita na mita moja, fedha za LUKU zinachangwa kwa kichwa. Siku mmoja akionekana ameingia na boksi la jiko, kikao kinaitwa. Mwenye nyumba anapiga marufuku jiko, hita na pasi kwa pamoja, kana kwamba ni kitu kimoja. Nawaelewa majirani, kwa sababu kwa utaratibu wa kuchanga sawa hakuna anayeweza kuthibitisha nani katumia nini. Submita, mita ndogo ya kila chumba, inamaliza ugomvi huo. Pasipo submita, kuna njia ya bure: jioni moja watu wazime vyote, mtu asome uniti kwenye mita, maharage yapikwe mpaka yaive, mita isomwe tena mbele ya wote.

Upande unaolikataa jiko una hoja nyingine ambazo sina haja ya kuzipinga, kwa sababu ni za kweli.

Wali wa nazi ni mmojawapo. Anayeupika kwa mazoea ya Pwani anaanza na tui jepesi, anasikiliza maji yakikaribia kukauka, anamimina kasimile, lile tui zito, kisha anafunika na kupalia, makaa machache juu ya mfuniko ili moto utoke juu na chini. Jiko la vitufe lina moto wa chini peke yake, na mfuniko wake ukishafungwa huwezi kufungua kila unapotaka kuangalia. Ukitia kasimile tangu mwanzo, masimbi, yale mazito ya tui, yanatua chini, yanashika, joto la chini linapanda kabla ya wakati, na jiko linajizima wali ukiwa na kiini. Dawa ni kutumia kitufe cha wali kisicho cha presha, kuanza na tui jepesi, na kumimina kasimile pale jiko linapohamia kutunza joto. Unatoka wali mzuri. Matandu yake, ule ukoko wa chini, lakini ni membamba, na wala siyo yale yanayogombaniwa na watoto.

Ugali ndiyo kabisa. Ule wa kusonga unahitaji sufuria iliyotulia na mkono wenye nguvu. Chungu cha ndani cha jiko hili kinazunguka na kuinuka na mwiko. Kwa hiyo nyumba ya Mtanzania itabaki na chanzo cha pili cha moto, gesi au mkaa, na anayeuza jiko hili kwa kuahidi kwamba litapika kila kitu anadanganya wateja.

Kuna na hatari mbili ambazo wauzaji hawazisemi. Kitufe cha kupika polepole kisitumike kwa maharage mekundu ambayo hayajachemka. Maharage hayo yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko kamili wa dakika 10 au zaidi, na joto la chini ya mchemko linaweza hata kuizidisha. Kwa presha hakuna wasiwasi huo. Ya pili ni wali. Ukiachwa kwenye kutunza joto, juu ya nyuzi 60, uko salama kwa saa kadhaa. Ukizimwa na kuachwa umefunikwa humohumo kutoka mchana hadi usiku katika joto la Dar es Salaam, kuna vijidudu vinavyostahimili kupikwa na kutengeneza sumu ambayo kupasha kiporo hakuiondoi. Kukatika kwa umeme nako kunaingia hapa. Umeme ukikatika maharage yakiwa yamekwisha kupata presha, yataendelea kuiva kwa joto lililofungiwa. Ukikatika mapema, utarudi kwenye mkaa siku hiyo. Na waya wa kuunganishia wa bei rahisi, wenye friji na pasi juu yake, siyo mahali pa kuchomeka wati 1000.

Hoja ninayoikataa ni ile ya uvivu, kwamba mwanamke wa kubonyeza vitufe hajui kupika. Tazama kazi ya maharage kwenye mkaa ilivyo. Kuwasha na kupepea mpaka makaa yashike. Kukaa karibu saa mbili au tatu, kwa sababu maji yakikauka yanaungua, na maji ya kuongeza lazima yawe ya moto, kwa hiyo kuna birika pembeni nalo linangoja zamu. Mkaa ukififia unaongeza, moshi unaanza upya. Mpishi hatoki. Katika saa hizo hamna ufundi unaopotea, kwa sababu ufundi wa maharage uko kwenye kuyaunga, na kuunga bado ni mkono wa mpishi, iwe kwa kitufe cha kukaanga au kwenye kikaango.

Gharama ya moto huo imeingia hadi ndani ya chakula. Wengi wanatia magadi kwenye maharage na makande ili yawahi kulainika, na magadi yanaharibu vitamini B1 iliyomo. Wengine wameacha kupika maharage nyumbani, wananunua yaliyokwisha kuchemshwa kwa mama ntilie, kwa kuwa mkaa wa kuyaivisha unashindana na bei ya maharage yenyewe. Ndani ya presha yanalainika bila magadi, na wewe uko sokoni au uko kwenye cherehani yako.

Ndiyo maana nadhani tunapima vibaya tunapouliza kama nyumba imehama au haijahama. Nyumba itakayopika maharage, makande, supu na wali kwa umeme, kisha ikasonga ugali kwa mkaa wa dakika 20, imeondoa sehemu kubwa ya moshi wake bila kugusa sufuria ya ugali. EWURA ikiweka bei ya kupikia juu ya uniti 75, hata ya uniti 20 tu kwa mwezi, nyumba hiyo inabaki hapo. Isipoweka, yule wa uniti 63 atafanya hesabu yake mwezi wa tatu, na atakuwa sahihi kurudisha jiko kabatini.