Kinga ya mwili dhidi ya kifua kikuu: ngao, au msaada kwa adui?

Takribani robo ya watu duniani wameambukizwa bakteria wa kifua kikuu, lakini kati yao ni asilimia 5 hadi 10 tu watakaougua maishani. Wanaoisifu kinga ya mwili huanzia hapo, na wana haki. Bakteria akivutwa hadi mapafuni humezwa na makrofaji, chembe zinazokula vijidudu. Humo ndani bakteria huzuia vimeng'enya vya kumsaga visimfikie, akazaliana. Wiki kadhaa baadaye seli T, aina ya chembe nyeupe za kinga, hufika, humwaga kemikali iitwayo interferoni gama inayoyapa makrofaji nguvu mpya, na bakteria huzingirwa ndani ya kivimbe kiitwacho granuloma.

Ushahidi ni mzito. VVU inapomaliza seli T za CD4, kifua kikuu huibuka haraka. Mwaka 2001 iliripotiwa pia kwamba wagonjwa, wengi wao wa baridi yabisi, walipata kifua kikuu baada ya kupewa infliximab, dawa inayozima TNF, kemikali nyingine ya kinga.

Hata hivyo, upande wa pili hausikilizwi inavyostahili. Kwa samaki aina ya zebra, watafiti waliona granuloma changa ikivuta makrofaji mapya, nayo yakaambukizwa yalipofika. TNF ikipungua samaki anadhurika. Ikizidi, makrofaji hufa na kuwaachia bakteria huru. Kwa binadamu, mashimo ya mapafu huchimbwa kwa sehemu kubwa na vimeng'enya vya mwili wenyewe, na mgonjwa mwenye mashimo hayo ndiye anayekohoa bakteria wengi. Tena, wagonjwa wenye seli T za CD4 chache sana huwa na mashimo machache. Maana yake, bakteria huyu anaihitaji hasira ya kinga ili asambae. Na kifua kikuu kinapofika kwenye utando wa ubongo, deksamethasoni, dawa ya kutuliza kinga, ikitolewa pamoja na viuavijasumu hupunguza vifo.

Kwa hiyo kuuliza kama kinga ni kali au dhaifu hakutufikishi mbali. MVA85A, chanjo ya majaribio dhidi ya kifua kikuu, iliamsha seli T, lakini matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha haikuwaongezea kinga watoto wachanga wa Afrika Kusini waliokwisha kupata BCG, chanjo ya zamani ya ugonjwa huo. Naona ni kosa kuendelea kuchagua chanjo kwa wingi wa interferoni gama kwenye damu pekee, wakati vita vyenyewe vinapiganwa ndani ya tishu za mapafu.