Jua la Le Havre: Ushahidi wa Asubuhi Moja au Uamuzi wa Brashi?

Mchoro wa Claude Monet, mchoraji Mfaransa, unaoonyesha jua likichomoza katika bandari ya Le Havre, kaskazini mwa Ufaransa, ni mdogo kuliko wengi wanavyodhani, sentimita 48 kwa 63 tu, lakini mabishano kuhusu nuru yake hayajaisha. Wapo wanaosema Monet alinakili hali ya hewa aliyoiona kutoka dirisha la hoteli, na wapo wanaoshikilia kwamba utusitusi ule wa buluu na lile duara la rangi ya chungwa ni ufundi mtupu wa brashi, usiopaswa kutafutiwa asubuhi yake.

Hoja ya kwanza ina nguvu kuliko inavyoonekana. Mwanafalaki Donald Olson wa Texas alipima kimo cha jua juu ya upeo, akazingatia kwamba meli kubwa ziliweza kupita bandarini humo wakati wa maji kujaa tu, kisha akalinganisha kumbukumbu za hali ya hewa na upande unaopeperukia moshi. Zikabaki siku mbili: 13 Novemba 1872 na 25 Januari 1873. Ile ya kwanza, mnamo saa 1:35 asubuhi, ilichaguliwa kwa sababu ya tarakimu 72 zilizo kando ya saini. Yaani saa ilipatikana kwa anga na maji, lakini mwaka uliamuliwa na mwandiko wa mchoraji, ambao ni ushahidi wa aina nyingine kabisa.

Mkazi wa Dar es Salaam aliyezoea kulitazama jua likitoka baharini pale Barabara ya Ocean huenda akaliona jua hili kuwa la kubuni, maana kwetu wekundu wa alfajiri haukawii kugeuka mwanga mkali. Tofauti hiyo ni ya kijiografia. Karibu na ikweta jua hupanda takribani wima, nyuzi 14 hivi kwa saa. Le Havre, katikati ya Novemba, hupanda kwa mshazari, nyuzi 9 hivi, na kwa hiyo miale yake hukaa muda mrefu zaidi ikipenya hewa nzito ya chini, penye ukungu na moshi wa bandari. Kwa kipimo hicho Monet hana kosa.

Hata hivyo, mwangaza wenyewe unasimulia mengine. Margaret Livingstone, mtafiti wa uoni wa Chuo Kikuu cha Harvard, ameonyesha kwamba jua hilo halizidi mawingu yanayolizunguka kwa mwangaza: ukiiondolea picha rangi zote, jua karibu linatoweka. (Mwenye simu anaweza kujaribu mwenyewe.) Jua la angani, hata likifunikwa na utando wa ukungu, huwa angavu kuliko anga lililo kando yake. Hapa basi mchoraji aliacha alichokiona, akachagua rangi itakayolifanya jua lionekane kama linatetemeka, na sioni namna ya kuuita uamuzi huo kumbukumbu ya hewa.

Mwaka 2023 wanasayansi wa hali ya hewa Anna Lea Albright na Peter Huybers walichapisha utafiti wa takribani picha 100 za Monet na za mchoraji Mwingereza Turner, wakaeleza kwamba vitu vilivyochorwa vilizidi kufifia kadiri dioksidi ya salfa, gesi itokayo makaa ya mawe yanapochomwa, ilivyoongezeka hewani. Siupuuzi utafiti huo, kwa kuwa moshi wa makaa ya mawe ulikuwapo kweli. Ila Monet aliufuata ukungu wa London kwa makusudi kati ya 1899 na 1901, kisha picha nyingi za London akazimalizia nyumbani kwake Giverny, Ufaransa. Kuzitegemea kama kipimo cha hewa ni sawa na kukadiria mvua za mwaka kwa siku ulizofungua mwavuli.

Kwa maoni yangu, mwanahistoria wa bandari anaweza kuuamini mchoro wa Le Havre kuhusu milingoti, mabomba ya moshi, kimo cha jua na maji yaliyojaa, lakini asiutumie kupimia uzito wa moshi.