Mpira au shule? Huku swali si hilo

Naishi Omaha, Nebraska, na Juni huku ni mwezi wa besiboli ya vyuo. Fainali zake zinachezwa hapa tangu 1950. Mimi kazi yangu ni kuegesha magari ya watu katikati ya mji, kwa hiyo siku hizo sikai chini.

Kwetu Mwanza, mdogo wangu aliitwa na timu akiwa kidato cha tatu. Mzee akamwambia achague moja. Akachagua mpira. Msimu wa pili goti likaenda, na timu haikulipa hata hela ya eksirei. Leo ana bodaboda Igoma.

Sasa kuna kijana wa jirani yangu hapa. Kila jioni yuko gereji anapiga mpira kwenye wavu, ting, ting, gongo la alumini. Likizo alienda kucheza ligi ya kiangazi wanakotumia magongo ya mbao, kama wale wa kulipwa, akarudi na gongo lililopasuka katikati. Huko ndiko wasaka vipaji wanakojua nani anaweza kweli, maana alumini inasamehe.

Huyu kijana alishajiunga na chuo cha miaka 4, na sheria ni kwamba timu za ligi kuu haziwezi kumgusa mpaka amalize mwaka wa 3 au afikishe miaka 21. Mwaka 2023 Paul Skenes, mrushaji wa chuo cha LSU, alichaguliwa wa kwanza kabisa kwenye ule uchaguzi wa kila mwaka, ambapo timu za ligi kuu hupokezana kuchagua wachezaji wapya, akavuta dola milioni 9.2.

Msidhani ni peponi lakini. Uchaguzi huo una raundi 20 tu, wengi hawaitwi, na wanaoitwa huanzia ligi za chini, kulala kwenye basi. Ada nayo! Kwa miaka mingi timu nzima ya chuo iligawana ufadhili wa masomo wa kutosha wachezaji 11.7 tu, kila mmoja akipata kipande, kwa hiyo mzazi bado alichimba mfukoni.

Mimi hela zao sizitaki. Nataka ile sheria. TFF, shirikisho la soka Tanzania, wakisema klabu isimguse mwanafunzi mpaka amalize kidato cha nne, nani ataumia zaidi ya mawakala?

Nilimweleza mdogo wangu kwenye simu. Akanyamaza, kisha: "Kwa hiyo asipochaguliwa anarudi tu darasani?"

Nikamwambia ndiyo, anarudi kumalizia mwaka wa 4.

"Haya kaka, abiria huyu," akakata.